Gari Lililolala Uani kwa Mwalimu

Nakivale, 10 Machi 2025

Sonia mwanangu,

Usishangae kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu mezani. Kuongea kunanimaliza. Nikisema sentensi mbili kwenye simu, ya tatu inabaki kifuani, na wewe upande wa pili unaanza kuita "Baba? Baba?" kama mtu aliyeangusha kitu kisimani. Kalamu haihitaji mapafu. Dereva wako Mihigo anafika na gari lako la umeme kila jioni na kuondoka nalo kila alfajiri, kwa hiyo barua itasafiri humo humo, kwenye kile kisanduku cha mbele ya abiria. Nawe jibu kwa njia hiyo.

Natamani ungeliona linavyofika. Hakuna mlio wa injini, ni matairi tu juu ya changarawe, na ng'ombe wa jirani yetu Muhirwa hata hawainui vichwa. Mihigo anashusha abiria wake wa Mbarara, analiegesha kando ya jiko, anachomeka waya kwenye lile tundu la pembeni na kuupitisha dirishani kwangu, kisha anakwenda kulala kwa mkewe. Tangu transfoma iungue kwa mvua ya Januari, upande wetu wote wa kambi ni giza. Nyumba yangu peke yake ina taa. Nikiwa kitandani naona kama kitanda kinaelea, na gari limesimama nje likinishika kwa kamba nisichukuliwe.

Jana Muhirwa alisimama akautazama ule waya muda mrefu. Unajua hawa Wakongo wa milimani, kila kitu wanakipima kwa ng'ombe.

"Mwalimu," akasema, "iyi gari munaikamua usiku muzima. Na ndama yake itakunywa nini?"

Nikamweleza kwamba umeliwekea mpaka: betri ikishuka kufikia kiasi cha safari ya kurudi Mbarara, gari linaacha kutoa umeme lenyewe.

"Basi mwenye aliitengeneza alikuwa mufugaji," akasema, akaenda zake ameridhika.

Mashine ya oksijeni inanguruma vizuri. Usinifikirie sana.

Baba yako,
Ladislas

*

Kakoba, Mbarara, 13 Machi 2025

Baba,

Barua yako nimeisoma jikoni, mchele ukaungua, na wateja wangu, wanajeshi wa Makenke, wakaula hivyo hivyo. Afande mmoja ambaye hulipa kwa kunichokoza aliniuliza, "Mama, gari yako kila siku inalala Nakivale. Iko na bwana huko?" Nikamwambia iko na baba huko. Akafikiri kidogo. "Kama ni baba, hiyo hakuna kesi. Ongeza matoke."

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Simu yangu inaonyesha kiasi cha umeme kilichobaki kwenye betri ya gari, popote gari lilipo. Nikimaliza kuosha sufuria nalala na simu juu ya mto. Namba inakaa pale pale muda mrefu, halafu inashuka moja. Inakaa tena, inashuka tena. Kila inaposhuka najiambia: Baba amepumua. Hapo ndipo ninapopata usingizi. Watu wengine wana rozari.

Lakini nilipokuja Jumapili niliona vumbi kwenye mrija wa mashine. Halikuwa juu tu, lilikuwa kwenye zile ncha mbili zinazoingia puani. Nimelifikiria sana vumbi hilo. Daktari alisema ulale na mashine kila usiku. Unalala nayo?

Mwanao,
Sonia

*

Nakivale, 15 Machi 2025

Sonia,

Vumbi la Nakivale linaingia hata ndani ya yai. Namba inashuka au haishuki? Basi.

Usiku wa jana nilimwota mama yako. Alikuwa na kile kitenge chake cha kijani cha kwao Buyenzi, akaniuliza kama nimekula. Sikukumbuka. Niliamka nikitafuta sahani.

Weka simu mbali ulale. Mtu anayepika tangu alfajiri hawezi kuwa mlinzi pia.

Baba yako,
Ladislas

*

Kakoba, 20 Machi 2025

Baba,

Leo Mihigo ameniambia, bila kujua kwamba sikuambiwa, kwamba Jumatatu uliishiwa nguvu ukapelekwa kituo cha afya, ukatundikiwa dripu, ukalala huko mpaka asubuhi. Gari aliliegesha uani kwako kama kawaida, maana ndipo pake.

Sitauliza kwa nini mlinificha. Nitauliza jambo lingine. Usiku ule wa Jumatatu niliitazama namba. Ilishuka kama siku zote, taratibu, mpaka kulipokucha.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Nani alikuwa anapumua?

Sonia

*

Nakivale, 22 Machi 2025

Mwanangu,

Yalikuwa maziwa.

Muhirwa anakusanya maziwa ya jioni kwa majirani wanne na kuyauza asubuhi yakiwa baridi. Umeme ulipokatika, friza yake ikawa sanduku la kawaida. Yalimharibikia mara nyingi, na mkewe Nyiramana akaanza kuwakwepa wale wenye ng'ombe njiani. Mwezi uliopita alikuja mlangoni jioni, ameshika ekstensheni mkononi.

Wewe ulizaliwa mjini, hukuyaona haya. Kwetu mlimani, moto ukizimika nyumbani, mtu alikwenda kwa jirani na kigae mkononi kuomba kaa la moto. Hakuhitaji kueleza. Kigae kilieleza. Na hukuweza kumnyima kaa halafu kesho ukamwita jirani; kumnyima kulikuwa ndiko kutangaza uadui. Nilipomwona Muhirwa na ekstensheni yake niliona kigae.

Nikachomoa mashine, nikachomeka friza yake. Tangu siku hiyo maziwa yake hayajaharibika. Namba uliyokuwa unaitazama ni yake. Nisamehe. Mimi ni mzee, nimevuta hewa ya kutosha. Wale watu wana watoto.

Baba yako,
Ladislas

*

Kakoba, 24 Machi 2025

Baba,

Nimeisoma mara ya kwanza nikalia. Nimeisoma mara ya pili nikaacha kulia, nikakasirika.

Ile ekstensheni ya Muhirwa naijua. Ni nyeupe, ina mkanda mweusi karibu na plagi, na ina matundu manne. Mwanamume aliyenifundisha kujumlisha wati kwa chaki juu ya saruji, kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe, anataka niamini kwamba ilibidi achague kati ya friza na pumzi yake? Gari hilo linaweza kulisha mashine yako, friza ya Muhirwa, taa za nyumba tatu, na asubuhi bado likafika Mbarara na kwenda tena Ibanda. Unalijua hilo kuliko mimi.

Kwa hiyo habari ya kigae ni nzuri, Baba, lakini si jibu. Kwa nini huvai mashine?

Sonia

*

Nakivale, 27 Machi 2025

Sonia mwanangu,

Ndiyo, matundu ni manne.

Jana nilimwambia padri alipoleta komunyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwake nimemaliza, lakini mwenye haki ya kusikia ni wewe. Basi sikia.

Mashine inanipa usingizi mzuri, na hiyo ndiyo shida yake. Nikilala nayo nalala kama gunia la maharage. Naanguka, naamka, na katikati hakuna kitu. Lakini usiku wa kwanza umeme ulipokatika, kabla hujaanza kulituma gari, nililala na hewa kidogo niliyokuwa nayo, na mama yako akaja.

Sikuwa nimemwota tangu tumzike. Miaka yote hiyo nilikuwa namkumbuka tu, na kukumbuka ni kazi, kama kusoma bila miwani. Usiku ule alikuja mwenyewe. Libérate wa Buyenzi, miguu wazi, anaongea kile Kiswahili cha kwao ambacho hapa sikisikii kwa mtu yeyote, kile alichowalelea ninyi ili mimi wa mlimani nilazimike kujifunza.

Ulipoanza kulituma gari niliogopa kwamba nitampoteza tena. Nikachomoa mashine. Akarudi, na safari hii akaja kwenye gari. Anakaa kiti cha mbele, mlango wazi, viatu amevivua na kuviweka miguuni. Naketi upande wa usukani ingawa sijui kuendesha. Gari linaondoka bila sauti. Tunapita mitaa ya Buyenzi, mmoja baada ya mwingine, na nyuma yetu waya zinaburuzika, ndefu kama mikia, na kila nyumba tunayoipita inawaka taa. Watu wako milangoni wanakula. Wanatupungia mikono yenye mchuzi. Hakuna anayetuuliza kitambulisho. Hatufiki mahali, wala hatuchoki.

Halafu ananiuliza lile swali aliloniuliza nilipokuwa kijana namchumbia na kujisifu kwa fizikia yangu: "Mwalimu, umeme ukiwa hauendi popote, unakaa wapi?" Wakati ule nilimjibu kwa hesabu, akacheka mpaka akashika ukuta. Kwenye ndoto ninalo jibu zuri, naanza kulisema, na hapo naamka. Vidole ni vya baridi, kichwa kinagonga.

Najua hiyo ni nini. Ni ubongo uliokosa oksijeni. Ningeweza kukuchorea. Najua si yeye, na bado jioni ikifika mkono wangu unakwenda kwenye plagi.

Sasa lile ninaloona haya kuliko yote. Mihigo aliniambia zamani kwamba unaitazama namba. "Bosi anaangalia kwa simu," alisema. Nilihitaji kitu cha kula umeme badala yangu, ili namba ishuke, ili ulale. Muhirwa alipokuja mlangoni sikumpa moto kama jirani. Nilimpa kama mwizi anavyompa mbwa nyama. Naye tangu siku hiyo ananiletea kikombe cha maziwa kila asubuhi kwa mikono miwili, na kuwaambia watu kwamba Mwalimu ni mtu mwema.

Nimekaribia mwisho, Sonia. Sitaki kuondoka nikiwa nimesifiwa hivyo.

Baba yako,
Ladislas

*

Kakoba, 4 Aprili 2025

Baba,

Sikukuandikia. Kila jioni nilimkabidhi Mihigo gari bila barua, na najua ulikifungua kile kisanduku.

Nami nina langu. Daktari hakusema mashine itakuponya. Mimi ndiye niliyekwambia utapona ifikapo Pasaka. Yeye alisema mapafu hayarudi. Mashine itakupunguzia tabu na pengine kukuongezea siku, basi. Nilipotoka chumbani kwake nilikuta umekaa kwenye benchi umeshika kofia kwa mikono miwili, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Nikatunga. Pengine ulijua hata hiyo.

Siwezi kukukataza Mama. Ningejua njia ya kumkuta, nami ningekwenda. Kuna siku nachambua mchele na sauti yake inanipotea kabisa, nabaki na mdomo wake unatembea tu. Wewe unamsikia. Nakuonea wivu, ndilo neno lake.

Kinachoniuma ni kingine. Usiku hadi usiku nimeshika simu kifuani, nikishukuru Mungu kwa pumzi za maziwa. Nilifikiri niko nawe. Nilikuwa na friza.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Uvae au usivae, hiyo ni juu yako, kifua ni chako. Lakini kabla hujaenda, nipe usiku mmoja ambao namba ni yako. Nijue kwamba ninayemtazama ni wewe.

Nakuja Jumapili. Niwekee nafasi ya kukaa.

Mwanao,
Sonia

*

Nakivale, 7 Aprili 2025

Sonia,

Jana tulipomaliza kula nilikuomba tukakae ndani ya gari, nawe hukuniuliza tunakwenda wapi. Ulifungua mlango wa mbele, ukavua viatu, ukaviweka miguuni. Sikuwa nimekuomba hivyo. Niligeuza uso nitazame jiko.

Tulikaa mpaka kuku walipoingia bandani. Gari halikutembea. Friza ya Muhirwa ilikuwa ikinguruma upande wa pili wa ua, mwanga ukatoka dirishani kwangu ukaanguka juu ya mikono yako. Sikuwa na hewa ya kuongea na sikuihitaji. Laiti mama yako angeniuliza swali lake jana, ningekuwa na jibu.

Usiku wako utaupata. Nitakapokuwa tayari nitazungumza na Muhirwa.

Baba yako,
Ladislas

*

Nakivale, 17 Aprili 2025

Dada yetu Sonia,

Ni mimi Muhirwa. Anayeandika ni binti yangu Benitha, mimi nasema yeye anaandika, na mahali nasema vibaya nimemukataza kutengeneza.

Siku ya maziko batu walikuwa mingi, sikupata fasi ya kukwambia. Lakini iko maneno yako ambayo nabeba.

Siku ile ya Alhamisi, gari ilipofika, Mwalimu aliniita. Akasema, "Muhirwa, leo toa friza yako kwenye waya." Nikamwambia, "Mwalimu, maziwa ya batu ine iko mule ndani." Akasema, "Najua. Leo nataka gari ikamuliwe na mutu mumoja."

Nikatoa. Yeye mwenyewe akachomeka mashine, akafuta ule murija kwa shati, akauvaa. Halafu akanieleza yote. Kwamba umeme alinipa na mawazo ingine, ili simu yako isimuseme. Akaniomba musamaha. Alikuwa anasema kidogo, anapumzika, anasema tena. Nikamwambia, "Mwalimu, watoto walikunywa ile maziwa, hawakujua wewe ulikuwa unawaza nini. Wamenenepa tu." Akacheka, ikamuletea kikohozi, tukangoja kikohozi ipite.

Mimi nilikaa kwenye kiti chake cha kusomea. Mashine ikafanya kazi usiku ule wote na yeye akapumua vizuri, naapa mbele ya Mungu. Aliamka mara moja akauliza, "Imeshuka?" Nikamwambia mimi sina ile simu. Akasema, "Sonia anayo."

Jogoo ilikuwa haijalia. Akatoa murija mwenyewe, akaukunja vizuri kama mutu anakunja tai, akaniambia nizime mashine. Nikamwambia ngoja. Akasema, "Zima, kaka. Nimemaliza deni la binti yangu." Nikazima. Akaomba nifungue dirisha lote aone gari. Akaitazama. Akasema, "Ameshakaa mbele." Mimi niliangalia, sikuona mutu, lakini sikubisha. Nikashika mukono yake mpaka ikawa mukono tu.

Maziwa ya usiku ule iligeuka mutindi. Nyiramana aligawia batu wote wenye walikuja kulia. Hakuna hata tone yenye ilimwagika.

Ile mashine tumeifunika kitambaa. Friza iko kavu, gari haiji sasa. Silalamiki, nakuelezea tu hali.

Muhirwa, kwa mukono ya Benitha

*

Kakoba, 22 Aprili 2025

Kaka Muhirwa,

Niliona.

Usiku ule wa Alhamisi namba ilishuka polepole kuliko siku zote, nikafikiri kuna kitu kimechomolewa. Nikakaa macho. Ilishuka, ikakaa, ikashuka. Halafu ikasimama. Niliisubiri. Mihigo aliponipigia simu nilikuwa nimeshavaa, nimekaa kitandani na simu mapajani, na namba haijatikisika. Sikumwuliza alichotaka kuniambia. Nilimwambia tu, "Asante, alinipa."

Sikulia wakati ule. Nililia baadaye, kwa sababu ya viatu vile vya kiti cha mbele.

Nimemwambia Mihigo arudi kwenye safari zake za Nakivale kuanzia leo. Ataegesha kando ya jiko kama zamani. Ufunguo wa nyumba unao wewe. Ekstensheni yako ina matundu manne. Chomeka friza, na ambaye watoto wake wanasomea gizani naye achomeke. Akija mtu na waya mkononi asiulizwe kitu. Mpaka wa ndama kwenye betri nimeuacha pale pale.

Maziwa usinitumie, na shukrani usiniandikie. Chomeka tu mapema, kabla sijamaliza kuosha sufuria. Nikilala nataka kuiona inashuka.

Sonia